Zawadi Yako ya Noeli, Nani Ameilipia?



Majilio yameshaanza. Kanisani tunawasha mshumaa mmoja kila Dominika, na mtaani nako Desemba imeanza kwa namna yake: maduka yamening'iniza taa za kumetameta, nyimbo za Noeli zinapigwa kuanzia asubuhi, na kwenye magrupu ya WhatsApp kila mtu anauliza nauli ya kwenda nyumbani imefika ngapi. Sisi ambao kwetu ni Kilimanjaro mnatujua. Ikifika mwezi wa kumi na mbili tunaiacha Dar na wenyewe, tunapanda. Na hatupandi mikono mitupu. Ukishuka stendi kuna watu watakaoangalia uso wako, na kuna watakaoangalia begi lako.

Leo nataka tuongee kuhusu hilo begi.

Wahenga wamesema kutoa ni moyo, si utajiri. Nimeisikia methali hii tangu utotoni: kwenye harambee ya kigango, kwenye michango ya harusi, kila mahali. Naiamini. Lakini mwaka jana niligundua kwamba kuna swali ambalo methali hii hainijibii. Sawa, moyo ni wangu. Na jasho je? Ni la nani?

GAUNI LA BIBI

Mwaka jana, mwanzoni mwa Majilio, sisi vijana wa parokia tulikuwa na semina. Mada ilikuwa Laudato Si', waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015 kuhusu utunzaji wa dunia, nyumba yetu sote. Nilitoka pale nimewaka. Usiku huo huo nikaandika kwenye status yangu: "Krismasi hii hakuna plastiki. Zawadi za nyumbani tu." Watu wakanipa makofi ya emoji, nami nikajisikia mtakatifu kidogo.

Nikaamua kwamba Bibi yangu, ambaye anaishi Kibosho, nitamshonesha gauni la kitenge. Mtaani kwetu kuna dada mmoja anashona barazani. Nikampelekea kitambaa, akakipima kwa mkono, akasema, "Kaka, hii ina bitana, na unaitaka ndani ya siku nne. Elfu thelathini."

Nikamwambia elfu kumi na tano.

Tukavutana. Nilijua kodi ya chumba inamkaba, maana aliniambia mwenyewe wiki ile ile. Nilijua pia kwamba kona ya pili kuna fundi mwingine, na nikahakikisha nimemtaja. Alinyamaza kidogo, akakikunja kitambaa, akasema, "Basi lete, kaka." Nikampa elfu tano ya kutanguliza. Iliyobaki nikamwambia nitamalizia nikirudi kutoka Moshi.

Usiku wa kuamkia safari nilipita kulichukua. Ilikuwa saa tano. Umeme ulikuwa umekatika, naye anakanyaga cherehani huku simu ameiegemeza kwenye kopo, tochi yake inamulika sindano. Mtoto wake alikuwa amelala kwenye mkeka pembeni. Nikamwonea huruma kweli. Nikamwambia, "Pole dada, Mungu akubariki." Gauni likaingia kwenye begi bado lina joto la pasi ya mkaa.

Humo humo kwenye begi kulikuwa na gari la plastiki nililonunua Kariakoo kwa elfu nane, la mtoto wa dada yangu. Najua, status ilisema hakuna plastiki. Lakini ni mtoto jamani, na gari lenyewe lilikuwa linawaka taa na kuimba.

Siku ya Noeli Bibi alivaa lile gauni kwenda Misa. Akina mama wakamzunguka pale nje ya kanisa, wanashika mikono, wanashika kola. "Mjukuu wako huyu!" Nikavimba kichwa. Tukarudi nyumbani, tukala ndizi, tukanywa kisusio, siku ikawa nzuri sana.

Jioni, wageni wamepungua, Bibi alilivua gauni akaligeuza ndani nje. Sasa mjue kwamba Bibi yangu alikuwa fundi. Alishona sare za shule miaka mingi. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono taratibu, kama mtu anayesoma.

"Kila mshono ameupitia mara mbili," akasema. "Huyu hakulala. Ulimpa shilingi ngapi?"

"Elfu kumi na tano, Bibi."

"Amezipokea zote?"

Hapo nikaanza maelezo. "Bibi, tulielewana naye. Nitammalizia nikirudi."

Akalikunja gauni, akaliweka juu ya kiti. "Baba, mimi naijua Krismasi ya fundi aliyekopwa. Watu wanapita mbele ya mlango wako wamevaa kazi yako, na wewe ndani hakuna nyama." Kisha akaniangalia. "Hili gauni bado si la kwako. Umenipaje?"

Vijana wenzangu, sikuwa na jibu. Na hapo hapo nikakumbuka ujumbe uliokuja kwenye simu yangu tarehe 24 mchana: "Kaka, heri ya Krismasi. Ukipata nafasi unikumbuke." Mimi nilimjibu, "Nawe pia dada, ubarikiwe."

SADAKA ISIYOKUGHARIMU

Usiku ule sikulala vizuri. Nikafungua Biblia, nikakutana na Daudi, kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 24.

Mnaikumbuka habari yenyewe. Tauni imewapata watu, na Daudi anatumwa amjengee Bwana altare kwenye kiwanja cha kupuria cha mtu mmoja anayeitwa Arauna. Arauna ni mkarimu. Anamwambia mfalme achukue tu: kiwanja, ng'ombe wa sadaka, hata vyombo vya kupuria na nira za ng'ombe viwe kuni. Vyote bure. Daudi anakataa. Anasema atanunua kwa bei yake, hawezi kumtolea Mungu wake sadaka ambayo yeye mwenyewe haikumgharimu kitu. Akalipa shekeli 50 za fedha.

Kumbuka kwamba Arauna alikuwa anatoa kwa hiari yake. Hata hivyo Daudi aliona kwamba kama gharama ni ya Arauna, basi sadaka ni ya Arauna. Mfalme angesimama tu pale mbele akipokea sifa za kitu cha mtu mwingine.

Mimi nilifanya kibaya zaidi. Fundi wangu hakunipa kwa hiari. Nilimbana. Kazi ya elfu thelathini niliilipia elfu tano, kwa hiyo mpaka ile siku ya Noeli mtu aliyekuwa amempa Bibi zawadi kubwa ni yule dada, kwa kodi yake na kwa usingizi wake. Mimi nilikuwa mbebaji tu. Na sifa zote pale nje ya kanisa nilizipokea mimi.

Hilo ndilo ninalotaka ulichukue leo, hata ukisahau mengine yote: kila kitu kina gharama yake, na gharama haipotei. Usipoilipa wewe, kuna mwenzako ameilipa. Zawadi ambayo gharama yake umemsukumia mtu mwingine, hata uifunge kwa utepe mzuri namna gani, bado hujaitoa wewe.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Tarehe 22 nilikuwa nimekwenda kuungama, kama tunavyofanya wengi kabla ya Noeli. Nilijichunguza dhamiri vizuri tu: hasira, uvivu wa sala, mambo ya mtandaoni. Yule fundi hakuwemo. Hakunijia kabisa akilini. Wakati tulipokuwa mafundisho ya Kipaimara tulikariri dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni, na mojawapo ni kumnyima mfanyakazi ujira wake. Nilipoikariri nilikuwa nafikiria matajiri wenye mashamba makubwa. Sikujua kwamba inaweza kutoshea kwenye elfu kumi ya gauni. Kumbe Kumbukumbu la Torati sura ya 24 haiwaongelei wenye mashamba tu. Inasema mtu maskini apewe ujira wake siku hiyo hiyo kabla jua halijatua, kwa sababu ni maskini na moyo wake unautegemea.

NA LILE GARI JE?

Gari la mtoto liliimba siku tatu. Tarehe 28 likanyamaza. Kufika Mwaka Mpya gurudumu moja lilikuwa limeng'oka, na mtoto alikuwa ameshalisahau, anaendesha tairi la zamani la baiskeli kwa kijiti na kucheka kuliko mwanzo.

Nikamkuta mjomba analichoma kwenye shimo la taka huko mgombani, pamoja na chupa za soda na yale makaratasi ya kung'aa ya kufungia zawadi. Moshi mweusi, harufu inakaba koo. Betri zake mbili zilikuwa zimetupwa pembeni, karibu na mfongo.

Kwa wasiojua, mfongo ni mfereji. Wazee wetu Wachaga walichimba mifongo kwa mikono, wakayashusha maji kutoka juu msituni mpaka kwenye vihamba. Ule mfongo haumwagilii kwetu tu. Ukitoka kwetu unashuka kwa jirani, na kwa jirani wa jirani, mpaka chini kabisa kwa watu ambao majina yao hatuyajui. Ukitupa kitu kwako, maji hayakuulizi. Yanakipeleka.

Nikajiuliza swali la Bibi: hili gari nimelilipia? Dukani nililipa elfu nane, ndiyo. Lakini kuna gharama ambayo muuza duka hakunidai. Moshi uliingia kwenye mapafu ya mjomba. Betri zikioza, sumu yake inaingia kwenye udongo. Na huo udongo ni wa nani? Kihamba hakiuzwi hovyo, kinarithiwa. Yule yule mtoto niliyemletea gari ndiye siku moja atakayelima pale. Kwa mkono wa kulia nilimpa zawadi ya siku tatu, kwa mkono wa kushoto nikamwachia deni la miaka.

Basi unaona jinsi zawadi hizi mbili zinavyofanana. Gauni lilikuwa la kitambaa, limeshonwa mtaani kwetu, kwa macho ya semina lilikuwa zawadi safi kabisa. Gari lilikuwa la plastiki kutoka mbali. Moja ilimwumiza mtu, nyingine iliumiza ardhi. Katika zote mbili mimi niliondoka na furaha, nikamwachia mwingine hesabu. Ndiyo maana Papa Fransisko alikuwa anarudia rudia kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Kabla ya Bibi kuligeuza lile gauni, niliichukulia kama kauli nzuri ya semina.

MAFUNDI TUSIOWAONA

Fundi wangu nilimwona kwa macho, kwa hiyo sina kisingizio. Lakini vitu vingi tunavyopeana Noeli vimeshonwa na watu ambao hatutakutana nao kamwe. Soma lebo ya shati lako, liwe la dukani au la mtumba. Huenda ukakuta Bangladesh.

Huko Savar, karibu na Dhaka, kulikuwa na jengo la ghorofa nane likiitwa Rana Plaza. Lilikuwa na benki, maduka, na juu viwanda vya nguo zinazosafirishwa kwenda Ulaya na Marekani. Tarehe 23 Aprili 2013 kuta zikaonekana zimepasuka, watu wakatolewa nje. Kesho yake benki na maduka hayakufunguliwa, lakini washonaji waliamriwa kurudi kazini. Asubuhi hiyo hiyo ya tarehe 24 jengo likaporomoka. Walikufa zaidi ya watu 1,100, wengi wao wanawake, wengi wao vijana wa umri wetu.

Wiki moja baadaye, tarehe 1 Mei, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Papa Fransisko aliwazungumzia katika Misa ya asubuhi. Alikuwa amesoma kwamba mshahara wao ulikuwa euro 38 kwa mwezi, naye akauita kwa jina lake: kazi ya utumwa.

Shati la bei ya chini kabisa linatoka wapi? Si kwamba kuna mtu kagundua namna ya kushona bila gharama. Gharama ipo. Imelipwa na binti aliyerudishwa ndani ya jengo lenye nyufa. Papa Benedikto XVI aliandika katika Caritas in Veritate, mwaka 2009, kwamba kununua ni tendo la kimaadili daima, si la kiuchumi tu, na Papa Fransisko akalirudia fundisho hilo katika Laudato Si'. Ukilipa pale kaunta, unasema "endeleeni hivyo hivyo" kwa mlolongo mzima wa watu nyuma ya kile kitu.

"LAKINI JAMANI..."

Nilipowasimulia wenzangu wa VIWAWA habari hii, walinibana maswali. Ni maswali ya haki, tusiyakimbie.

Wa kwanza akasema: hayo ni mambo ya wenye hela. Mimi nina elfu ishirini na watu sita wa kuwapelekea zawadi, unataka nichunguze viwanda vya Bangladesh? Ni kweli. Mama anayemnunulia mwanae nguo ya mtumba apate cha kuvaa Krismasi, Kanisa halimnyoshei kidole, wala mimi. Ila angalia tunavyofanya. Mara nyingi tunanunua vitu sita vya hovyo kwa sababu tunaogopa kuonekana tumekuja na kimoja. Hapo si umaskini unaotusukuma, ni aibu. Mjane wa Injili alitia senti mbili tu kwenye sanduku la hazina, na Yesu akamsifu kuliko wote. Zilikuwa ndogo, lakini zilikuwa zake kweli. Hakuna mtu aliyekuwa anamdai. Hata Yosefu na Maria walipompeleka Mtoto hekaluni walitoa sadaka ya watu maskini, ile ya jozi ya ndege. Hawakukopa mwanakondoo ili waonekane.

Wa pili akasema: tukiacha kununua, machinga anakula nini? Na hao washonaji watapata kazi wapi? Swali zuri. Jibu ni kwamba hatuambiwi tuache kununua. Baada ya Rana Plaza, vyama vya wafanyakazi vya Bangladesh havikudai dunia ikatae nguo zao. Vilidai majengo salama. Mwaka huo huo wa 2013 ukasainiwa mkataba wa usalama wa moto na majengo kati ya vyama hivyo na makampuni mengi makubwa ya nguo, mkataba wenye nguvu ya kisheria. Watu hawataki tususe kazi yao, wanataka iheshimiwe. Machinga naye anauza vitu vingi. Mnunulie kitu kitakachodumu, na usimkamue mpaka tone la mwisho.

Wa tatu ndiye aliyenipata: mbona kupatana bei ni utamaduni wetu? Fundi si alikubali mwenyewe? Alikubali, ndiyo. Lakini Papa Leo XIII alishajibu hilo tangu mwaka 1891 katika Rerum Novarum. Alifundisha kwamba makubaliano peke yake hayatoshi. Kama mfanyakazi amepokea ujira mdogo kwa sababu tu shida imemkaba na hana pa kwenda, huyo ametendewa kwa mabavu, hata kama alitikisa kichwa. Papa wetu wa sasa, Leo XIV, alipochaguliwa mwaka 2025 alieleza kwamba moja ya sababu za kuchukua jina hilo ni huyo Leo XIII na waraka wake. Kwa hiyo haya si mambo ya kale.

Kupatana bei ni maongezi ya watu wawili wanaoweza kuachana salama: wewe ukaenda kwingine, naye akabaki na bidhaa yake. Mimi sikuwa nimepatana. Nilijua anadaiwa kodi, nikatumia kodi ile kumshusha. Ile "Basi lete, kaka" yake ilisemwa na kodi ya chumba.

TUFANYE NINI BASI?

Simalizi kwa kukuongezea mzigo wa dhamiri tu. Haya ni mambo ambayo mimi nimeamua kuyafanya mwaka huu. Chukua yanayokufaa.

Kwanza, madeni kabla ya zawadi. Dawa ya deni ni kulipa, na dawa hii inywewe kabla ya tarehe 24. Andika orodha: fundi, mama lishe, boda, kibarua aliyekufyekea, dada wa kazi. Huyo wa mwisho mtazame vizuri. Kuna nyumba zenye mti wa Krismasi sebuleni na mshahara wa miezi miwili wa dada wa kazi haujalipwa. Kama unaishi kwa wazazi, ongea nao kwa heshima. Zawadi ya kwanza ya nyumba hiyo iwe mshahara wake kamili, na nauli kama anaenda kwao.

Pili, kabla hujanunua, uliza maswali matatu. Nani ametengeneza, na amelipwa? Itadumu muda gani, na ikiisha itaishia wapi? Na mimi mwenyewe nimelipia nini humu? Huwezi kupata majibu kamili kila mara. Lakini kuuliza tu kunapunguza begi.

Tatu, toa vichache vinavyodumu. Kikapu cha milulu cha akina mama wa Iringa kitakwenda sokoni miaka mingi. Mkeka wa ukindu. Asali ya Tabora. Mche wa parachichi kwa Babu, uupande wewe mwenyewe, siyo umkabidhi. Na hivyo vitu usivifunge kwa karatasi la kung'aa, vifunge kwa kanga, ambayo nayo ni zawadi. Nchi yetu iliacha mifuko ya plastiki tangu Juni 2019 na tukazoea. Hata hili tutalizoea.

Nne, tengeneza badala ya kununua. Redio ya Bibi ilikuwa imekufa tangu Pasaka, na kilichohitajika ni fundi redio na elfu saba. Angeipenda kuliko vitu vitatu vipya. Viatu vya baba vinahitaji soli tu.

Tano, kwa watoto, jipe wewe. Yule mtoto wa dada yangu hakulilia gari lililokufa. Alilia siku nilipoondoka.

YESU NI FUNDI

Nimalizie pale nilipowaachia.

Usiku ule wa Noeli nilimtumia yule dada ile elfu kumi kwa simu, pamoja na elfu kumi na tano niliyokuwa nimemshusha. Baada ya muda akajibu: "Imefika kaka. Asante. Hii ya juu ni ya nini?" Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Mwishowe nikasema tu, "Ni yako."

Asubuhi nikamwambia Bibi. Akatoka nje, akachuma jani la sale pale mpakani mwa kihamba. Kwetu Uchagani ukimkosea mtu unampelekea sale, na ni jambo zito, haliombwi msamaha kwa sale likakataliwa hivi hivi. Nikauliza, "Bibi, si nimeshalipa?" Akasema, "Hela ni yake. Msamaha hujaomba." Kisha akaongeza, "Na ungempelekea sale bila hela yake, lingekuwa jani tu."

Lilisafiri kwenye begi zaidi ya kilomita 500, likafika limenyauka. Dada yule si wa kwetu, kwao ni Songea. Ikabidi nisimame pale barazani nimweleze maana yake, maneno yakinishinda. Alicheka. "Kaka, sisi kwetu tunasema samahani tu." Lakini alilichukua, akalichomeka pembeni ya cherehani. Aliniambia ile hela ilinunua sare ya mtoto, maana shule zilikuwa zinafunguliwa.

Majilio haya ninapotazama pango la Noeli, kuna jambo naliona ambalo zamani sikuliona. Huyu Mtoto aliyelala horini atakua awe fundi. Injili ya Marko inasema hivyo wazi, watu wa kwao walimjua kwa kazi ya mikono yake. Alikuwa na viganja vigumu. Labda naye kuna mteja alimwambia, "Nitakumalizia baada ya sikukuu." Tunayesherehekea kuzaliwa kwake, kazini alikuwa upande wa wanaosubiri kulipwa.

Na zawadi yake kwetu aliilipia mwenyewe, yote, hakumsukumia mtu gharama. Ndiyo maana tunaweza kuipokea bila aibu.

Mwaka huu gauni la Bibi linashonwa tena, na fundi ni yule yule. Alisema elfu thelathini na mbili, vitu vimepanda. Nikalipa, nikamwuliza anahitaji siku ngapi.

TUSALI

Ee Yesu, Fundi wa Nazareti, utufungue macho tuwaone watu waliomo ndani ya vitu tunavyopeana. Utukumbushe wale tunaowadai ubaraka huku wao wanatudai ujira. Utupe aibu njema, na ujasiri wa kulipa kabla jua halijatua. Utufundishe kuitunza ardhi ambayo wadogo zetu watairithi. Noeli hii zawadi zetu ziwe ndogo, lakini ziwe zetu kweli, kama wewe ulivyojitoa mwenyewe kwetu. Amina.

Swali la kwenda nalo wiki hii: kuna mtu gani anasubiri ujumbe kutoka kwako, na wewe umemjibu "ubarikiwe"?